Haki ya Kutazamwa Mara ya Pili

Somo ninaloliandika hapa nilifundishwa na mke wangu, nami nilikuwa nimekwisha kustaafu, umri ambao mwalimu hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kuwafundisha wengine tu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekwisha kupewa jibu na mwenye elimu kumzidi, je, ana haki ya kusema, "Naomba litazamwe tena"? Na kama haki hiyo anayo, je, anaipata pale tu ambapo jibu la kwanza lilikuwa na kosa, au anayo hata kama jibu lilikuwa sahihi? Kwa miaka mingi nilidhani swali hili ni jepesi. Leo naliona kuwa ni miongoni mwa maswali mazito niliyopata kukutana nayo.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 2014. Hapa Chala mwezi huo ni wa baridi, na watu huvuna ulezi wakiwa wamevaa masweta. Mke wangu alirudi jioni kutoka shambani, akaketi karibu na moto, kisha akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto. "Mwalimu," akasema, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu tulipooana, "gusa hapa. Kuna kitu kama punje ya harage." Niligusa. Ilikuwa punje kweli, ngumu, isiyosogea. Haikumuuma, na kwa kuwa haikumuuma mimi nilifarijika. Kumbe faraja hiyo haikuwa na msingi wowote.

Juma lililofuata tulikwenda hospitali. Daktari alimpima kwa mikono, akatuambia kwamba hawezi kusema neno mpaka kinyama kikatwe na kupimwa. Kikakatwa kipande kidogo, kikatiwa katika kichupa chenye dawa ya fomalini. Hospitali ile haikuwa na mtaalamu wa kukisoma, kwa hiyo nilikabidhiwa kichupa mimi mwenyewe, kimefungwa plasta na kuandikwa jina na namba, nikipeleke katika hospitali kubwa zaidi, safari ya kutwa nzima kwa basi. Wasomaji wengi wa mikoa yetu ya pembezoni wanaijua safari ya namna hiyo. Nilikipakata kichupa kile njia nzima. Jirani yangu ndani ya basi aliniuliza kama nimebeba asali. Nikamjibu kwamba ni dawa.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano: karatasi moja, mistari mitatu iliyopigwa chapa, na sahihi chini yake. Saratani. Daktari mpasuaji alitueleza kwa upole kwamba titi halina budi kuondolewa, akatupa tarehe. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza. Usiku ule, watoto na wajukuu walipokwisha kulala, mke wangu akasema: "Mwalimu, sikatai kukatwa. Lakini kitu kikishakatwa hakirudi. Nataka jicho jingine likitazame kile kinyama kabla ya kisu."

Ndugu msomaji, nilimkatalia. Nilimwambia kwamba daktari amesoma miaka mingi, kwamba kumwomba jambo kama hilo ni kumvunjia heshima, na kwamba watatuona watu wa shamba tusiojua shukrani. Hayo ndiyo niliyoyasema. La kweli ambalo sikulisema ni kwamba niliona aibu. Maisha yangu yote nilikuwa upande wa wanaotoa majibu. Sikujua mtu husimamaje upande wa pili wa meza na kuomba.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze kinyama kinavyopimwa, maana mimi mwenyewe nilidhani daktari hukitia katika mashine na mashine ikatoa jibu, kama mizani inavyotoa kilo. Sivyo. Kinyama kikishakaa katika fomalini ili kisioze, huondolewa maji yake kwa spiriti, kisha huzamishwa katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikipoa, kinyama huwa kimegandia ndani ya kijimche kidogo kama kipande cha sabuni. Kijimche hicho hukatwa kwa wembe wa mashine maalumu, vipande vyembamba mno: kutoka unene wa milimita moja tu hupatikana vipande kama 250. Kipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu, na fundi hukiopoa kwa kioo chembamba, kwa uangalifu kama ule wa mama anayeengua utando wa maziwa. Kioo hicho ndicho slaidi.

Lakini hata hapo hakionekani kitu, maana nyama nyembamba kiasi hicho haina rangi. Ndipo hupakwa rangi mbili. Ya kwanza huitwa himatoksilini, nayo asili yake ni moyo wa mti mmoja wa Meksiko na nchi za jirani. Hiyo huvipa viini vya chembe za mwili rangi ya zambarau na samawati. Ya pili huitwa eosini, jina lililotokana na alfajiri katika Kigiriki, nayo hutia waridi sehemu zilizosalia. Rangi hizi mbili zimetumika pamoja tangu miaka ya 1870, na hadi leo, pamoja na maendeleo yote ya sayansi, ndizo ambazo hospitali za dunia nzima huanza nazo.

Baada ya hapo huja mtu. Mwanapatholojia huweka kioo chini ya hadubini na kutazama. Huangalia kama chembe zimejipanga au zimevurugika, kama viini vimevimba, kama chembe zimevuka mpaka wake na kuingia zisikotakiwa. Kisha huamua. Nasema huamua, kwa sababu huo ni uamuzi, si hesabu tu. Mara nyingi jambo huwa wazi, na wataalamu kumi watasema neno moja. Lakini yako mengine ambayo wawili wenye elimu sawa hutofautiana, bila yeyote kati yao kuwa mzembe. Ndiyo maana madaktari wenyewe huonyeshana vioo kila siku wanapopata mashaka. Jambo ambalo mke wangu aliliomba kwa woga, wao kwa wao hulifanya kama desturi ya kazi.

Tena kioo kina sifa moja ambayo vipimo vingine vingi havina. Mapigo ya moyo aliyoyasikia daktari asubuhi hayawezi kusikiwa tena jioni yakiwa yale yale. Lakini kioo hukaa. Kijimche cha nta hukaa zaidi, na kutoka humo vinaweza kukatwa vioo vipya na kupakwa dawa nyingine, kwa mfano za kuonyesha kama saratani ya titi inastawishwa na homoni za kike, jambo linaloongoza uchaguzi wa dawa. Kwa hiyo anayeomba kutazamwa upya hamwombi daktari akumbuke alichokiona. Anaomba ushahidi uletwe mezani.

Mke wangu hakungoja ruhusa yangu. Tulipokwenda kwa daktari mpasuaji, alimwambia mwenyewe, akiwa ameinama na kupiga makofi taratibu kama wanawake wa kwetu wafanyavyo mbele ya mtu wa heshima. Yule daktari niliyemwogopa hakukasirika hata kidogo. Aliandika barua ya kuomba vioo na kijimche cha nta, akasema, "Mama, ni haki yako. Ila ugonjwa huu hausubiri. Tarehe ya upasuaji naiacha pale pale. Jibu la pili lifike kabla yake." Nilitoka chumbani mule nikiwa mdogo kuliko nilivyoingia.

Nilirudi tena kule kwenye hospitali kubwa. Kwenye dirisha la maabara, karani aliisoma barua, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee, kwani hamumwamini daktari wetu?" Nikamjibu kwamba tunamwamini. "Kama mnamwamini, vioo mnavitakia nini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nirudi kesho. Kesho yake nikaambiwa vioo ni mali ya hospitali. Siku ya tatu nikaambiwa namba yetu haimo katika leja. Nilikuwa nalala kwenye benchi la stendi ili nipunguze gharama, na siku za kufikia tarehe ya kisu zilikuwa zinapungua.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja fundi sanifu wa maabara, ambaye alitoka ndani kwenda kunywa chai akanikuta pale pale aliponiona jana. Aliichukua leja mwenyewe, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, mwisho akacheka kidogo. Aliyeandika namba alikuwa ameandika saba inayofanana na moja. Baada ya nusu saa alirudi na vioo viwili na kijimche cha nta, amevifunga katika pamba na kuvitia ndani ya kiboksi. "Mzee, nakuazima," alisema. "Vinatakiwa kurudi. Weka sahihi hapa." Niliweka sahihi. Kioo nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati yake palikuwa na doa la waridi, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Nilipokuwa ndani ya basi na kiboksi kile mfukoni, maneno ya karani yalinirudia, na yalinirudia kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa yangu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu kijana katika shule moja ya msingi ya uwanda huu. Zama zile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na sisi walimu tulikuwa na desturi ya kuwapa darasa la saba mtihani wa majaribio, kisha tunawachagua ishirini wa juu walale shuleni na kufundishwa jioni kwa taa ya chemli. Asiyekuwamo katika ishirini hao, matumaini yake yalikuwa madogo sana. Msichana mmoja alikosa kuingia kwa maksi tatu za hesabu. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akasema kwamba anaomba nimwangalizie tena karatasi yake, kwani anadhani swali moja la mwisho halikusahihishwa.

Nikamwuliza: "Kwani hukuamini nilivyosahihisha?" Akanyamaza. Nikaongeza: "Unataka kunifundisha kazi?" Akasema hapana mwalimu, akaondoka. Karatasi zilikuwa nyuma yangu, kabatini. Nisingechukua hata dakika tano. Mwisho wa muhula zilichomwa pamoja na takataka nyingine, kama ilivyokuwa kawaida. Msichana yule hakuchaguliwa.

Yawezekana nilikuwa nimesahihisha sawasawa. Nilikuwa mwangalifu, na huenda yeye alikosea tu kukumbuka. Kwa miaka thelathini nilijifariji kwa fikra hiyo kila alipopita akilini mwangu. Ndani ya basi lile nilitambua kwamba faraja hiyo haina maana, kwa sababu mbili. Kwanza, sijui kama nilikuwa sahihi na sitajua kamwe, maana niliuchoma ushahidi. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hata kama nilikuwa sahihi, nilimdhulumu. Sikumnyima maksi. Nilimnyima kutazamwa.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno ambalo lingeweza kunifundisha mapema kama ningelisikiliza. Ni neno rufaa. Mtu asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi mkubwa zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa. Neno ni moja. Sasa, mahakamani hakuna anayesema kwamba mkata rufaa amemtukana hakimu. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hapa wilayani anajua kwamba hukumu yake yaweza kufika Mahakama ya Wilaya, na toka hapo Mahakama Kuu, na hata Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1979. Wala mahakama ya chini haina ruhusa ya kukatalia jalada la kesi kwa kusema, "Hili ni mali yetu." Jalada sharti lipande, kwa sababu bila jalada rufaa ni maneno matupu. Kioo na kijimche cha nta ndivyo jalada la mwili. Anayemwambia mgonjwa, "Nenda ukatazamwe kwingine, ila vioo hatutoi," amempa ruhusa ya kukata rufaa na kuyafungia majalada.

Ziko hoja za upande wa pili, nami nisingependa kuzipita kwa sababu hazinipendezi. Ya kwanza ni kwamba mashaka hayana mwisho. Akitazama wa pili, kwa nini asitazame wa tatu, na wa nne, mpaka apatikane wa kusema lile ambalo mgonjwa anataka kulisikia? Hoja hii ni ya kweli. Wako watu wanaozunguka hospitali baada ya hospitali wakitafuta jibu tamu huku ugonjwa ukikomaa. Ya pili ni kwamba nchi yetu haina wataalamu hawa kwa wingi; kila kioo kinachotazamwa mara mbili kinakichelewesha kingine ambacho hakijatazamwa hata mara moja. Hii nayo ni ya kweli, na mwenye haki yake asisahau mwenzake aliye nyuma kwenye foleni.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila jibu litazamwe upya kila mtu akitaka. Nadhani kipimo ni kile alichokitaja mke wangu kando ya moto: kitu kikishakatwa hakirudi. Pale ambapo uamuzi unafuatwa na jambo lisilorudishwa nyuma, titi kuondolewa, mguu kukatwa, mtoto kufungiwa mlango wa shule, hapo kutazamwa mara ya pili ni haki, na anayeombwa hana ruhusa ya kuuliza kama anaaminiwa. Pale ambapo kosa laweza kurekebishwa wiki ijayo, tuvumiliane. Na wa pili akikubaliana na wa kwanza, basi, mtu aupokee ukweli wake. Hata mahakamani rufaa ina kikomo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi, nayo ni ile ya karani: vioo ni mali ya nani? Niliichukia aliponiambia. Baadaye nilijikuta naitumia mimi mwenyewe kwa upande wangu. Vioo vilipokwisha kusomwa katika hospitali ya pili, nilivichukua, na nikiwa njiani nilipata wazo la kutovirudisha. Nilijiambia kwamba huu ni mwili wa mke wangu. Kwa nini ukae katika kabati la watu wasioujua? Nilitaka kuviweka sandukuni pamoja na vyeti vyetu. Nilimweleza mke wangu. Alifikiri, kisha akasema, "Mwalimu, uliweka sahihi. Na kesho nikitakiwa kupimwa tena, daktari atakuja kuvitafuta sandukuni kwako?"

Ziko habari mbili za Afrika yetu zilizonionyesha kwamba alisema kweli kuliko alivyojua. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baadaye akaona mwingine, na wengine, akaandika habari zao mwaka 1958. Lakini kuzitambua dalili kitandani hakukutosha. Wanapatholojia Jack Davies na Gregory O'Conor walirudi kwenye kumbukumbu za maabara na vioo vya watoto waliotibiwa miaka ya nyuma, ambao uvimbe wao, wa taya huyu, wa tumbo yule, ulikuwa umepewa majina mbalimbali. Walipovitazama upya kwa pamoja, iliwadhihirikia kwamba mengi ya majina hayo yalikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya mfumo wa limfu. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari majuma kumi, maili kama 10,000, wakipita Tanganyika na kushuka hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani waliyoipata ilionyesha kwamba ugonjwa huo hupungua kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama hii yetu ya Ufipa. Leo unaitwa kwa jina la Burkitt, na ni katika saratani zinazosikia dawa vizuri sana. Kama vioo vile vya zamani vingetupwa, au kila mzazi angekwenda na cha kwake nyumbani, ni nani angeviweka pamoja?

Habari ya pili ni ya Kinshasa. Mwaka 1960 mwanamke mmoja wa mji ule alikatwa kinyama kutoka kwenye tezi, kikagandishwa katika nta, kikahifadhiwa. Ukimwi ulikuja kutambuliwa na madaktari mwaka 1981. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walitangaza kwamba katika kijimche kile cha nta walikuta mabaki ya virusi vya Ukimwi. Walivilinganisha na vile vilivyopatikana katika damu iliyotolewa mjini humo humo mwaka 1959, wakakuta vinatofautiana sana. Kutokana na tofauti hiyo wakakadiria kwamba virusi hivyo vilikuwa vimekwisha kuenea kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua. Kinyama kidogo kilichokatwa kwa sababu nyingine kabisa kilikuja kutoa ushahidi baada ya miaka 48.

Nikiwafikiria watu hawa napata furaha na masikitiko pamoja. Furaha, kwa sababu kilichotunzwa vizuri kimewafaa watu wengi. Masikitiko, kwa sababu yule mwanamke hakuulizwa na mtu. Hajulikani jina, wala hakupata kuambiwa kwamba sehemu yake ingesafiri kiasi hicho. Karani alitaka vioo viwe vya hospitali, nami nilitaka viwe vyangu, na sote wawili tulikosea. Mgonjwa ametoa mwili wake. Hospitali imetoa kazi, dawa na kabati. Watu wengine, hata ambao hawajazaliwa, wana fungu lao katika elimu inayoweza kutoka humo. Kitu cha namna hiyo wazee wetu walikiita amana. Na amana ina sheria mbili zinazojulikana kwa kila mtu aliyewahi kutunziwa mbuzi na jirani: mtunzaji awe tayari kuitoa anapodaiwa na mwenyewe, na mwenyewe anapoichukua asiipoteze haki ya wengine walioitegemea. Hospitali isiyoona namba yake katika leja imevunja sheria ya kwanza. Mimi na sanduku langu tulikaribia kuvunja ya pili.

Nilivirudisha. Kijana yule wa maabara alifungua kiboksi, akahesabu, akachora mstari juu ya sahihi yangu, na safari hii akaiandika saba kwa kuitia kistari katikati.

Sasa nieleze jibu la pili, ambalo huenda msomaji amelingoja. Lilikuja baada ya siku kumi na mbili, nalo lilikuwa lile lile. Saratani, ya aina ile ile. Mtu wa kwanza hakukosea hata neno. Wako jamaa walioniuliza kama sikujuta nauli, siku nne za dirishani na usingizi wa kwenye benchi, vyote kwa ajili ya kuambiwa kile nilichokuwa nimekwisha kuambiwa. Sikujuta. Mke wangu aliingia chumba cha upasuaji siku ile ile iliyopangwa, na aliingia kwa miguu yake. "Sasa najua," aliniambia. "Mwanzo nilikuwa nimeambiwa."

Mwaka uliofuata nilikwenda kumtafuta yule mwanafunzi wangu. Haikuwa kazi ngumu. Ni mama mtu mzima, mwenye wajukuu, anauza mchele wa bonde la Rukwa na dagaa wa ziwani katika soko letu hapa Chala, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikinunua kwake na kupokea shikamoo yake. Nilimngoja mpaka wateja walipopungua, nikamweleza nilichokuja kukisema. Niliomba radhi. Alikumbuka vizuri kuliko mimi. Aliukumbuka hata mlango wa ofisi, kwamba ulikuwa wa kijani. Nikamwambia kwamba sikuweza kujua kama alikuwa sahihi au la, kwani karatasi zilichomwa.

"Mwalimu," alisema, huku akiendelea kusawazisha mchele kwenye debe, "mimi mwenyewe sijui. Labda nilikosea. Lakini kama ungefungua ukanionyesha, ningejua nimekosea."

Akanipimia mchele kilo mbili, akakataa pesa. Nililazimisha, akakataa.

Mke wangu aliishi miaka mitano baada ya upasuaji. Alifariki mwaka 2019, tukamzika hapa hapa Chala, penye upepo. Lakini mara kwa mara nakumbuka kwamba hatukumzika wote. Kipande kidogo cha waridi na zambarau kipo mahali fulani katika kabati la mji ule, kina namba, na ninaamini kwamba mtu akikihitaji kwa haki atakipata. Natumaini pia kwamba yupo pale dirishani mtu ambaye, akiombwa, hataanza kwa kuuliza kama anaaminiwa.